Visiwa vya Ukerewe na Ukara: volkano, Bonde la Ufa, au ziwa ndilo lililovikuta?

#1 Mchanga wa Igombe
Habari zenu wakuu. Jumapili nilipanda boti ya kutembeza wageni Ziwa Victoria, pale Capripoint, Mwanza. Kijana anayeongoza watalii akawaambia Wazungu kwamba Saanane na visiwa vyote mpaka Ukerewe na Ukara vilitokana na volkano, eti mawe yalitapikwa yakatua yalivyo. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Murutunguru huko Ukerewe, alikuwa na lake: Ukerewe ilishikana na upande wa Bunda, watu wanachunga mpaka ng'ambo, maji yakaja baadaye. Shuleni nako nilijibu "Bonde la Ufa" na nikawekewa vema. Nani mkweli? Wenye elimu ya miamba na wenyeji wa visiwani karibuni. Wa "napita tu" mpite kimya kimya.

#2 Kigoto Hapa Hapa
Napita tu.

#3 Mwalimu wa Zamu
Aliyekupa vema alikuonea huruma. Ziwa Victoria si la Bonde la Ufa. Tanganyika na Nyasa ndiyo ya ufa, ndiyo maana ni membamba na yenye kina cha kutisha. Hili letu liko katikati ya mikono miwili ya ufa, wa magharibi na wa mashariki, na limekaa kama sahani: eneo linakaribia kilomita za mraba 68,800 lakini pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo tu.

Zamani mito kama Kagera na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya magharibi ilipoinuka pembeni mwa ufa, mito ikazibiwa njia, mingine ikageuza mwelekeo, maji yakajaa kwenye bonde la katikati. Makadirio yanayotajwa sana ni kama miaka 400,000 iliyopita. Maji yakapanda, mabonde yakazama, vilima vikabaki vimetoa vichwa, na vichwa hivyo ndivyo visiwa vyako. Tazama ramani ya pwani ya kusini ilivyochanika: Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke, Ghuba ya Emin Pasha. Hayo ni mabonde ya mito yaliyomezwa. Babu yako yuko karibu na ukweli kuliko yule kijana wa boti.

#4 Ntuzu Asilia
Wabeja sana mwalimu. Ila babu wa mleta uzi hakuishi miaka 400,000. Hao ng'ombe aliwaona nani?

#5 Nyundo na Dira
Nimefanya utafutaji madini Geita na Sengerema miaka kadhaa, naomba nichangie upande wa mawe.

Mawe ya Mwanza, Ukerewe na Ukara sehemu kubwa ni matale, yaani graniti. Hayakutapikwa. Yaliganda chini kabisa ya ardhi, kilomita nyingi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa ni mtoto wa jana mbele yake. Yakiwa bado chini yalipata nyufa zinazokatana, wima na ulalo. Maji yakapenya kwenye nyufa yakawa yanaozesha jiwe, na pembe zinaoza haraka kuliko ubavu kwa sababu zinashambuliwa pande tatu. Kwa hiyo vipande vya mraba vikawa vya mviringo hukohuko chini. Baadaye mvua ikasomba udongo uliooza na mawe magumu yakabaki yamepandana. Hakuna jitu lililoyapanga. Mkitaka kuona kazi hiyo ikiwa nusu, nendeni penye barabara iliyochongwa kwenye kilima, mtaona jiwe la duara bado limekumbatiwa na udongo wake.

Ila yule kijana msimcheke moja kwa moja. Mkanda wa miamba ya kijani na ya chuma ulioshika dhahabu ya Geita una lava ya kweli ndani yake, na ni mkongwe sawa na matale au kuyazidi. Volkano ilikuwepo kanda hii. Yeye kakosea kisiwa, na kakosea kwa miaka bilioni mbili na ushee.

#6 Dada wa Kirumba
"Kakosea kwa miaka bilioni mbili" 😂😂 Bado nauli alichukua yote.

#7 Nyakwar Mfangano
Majirani hamjambo. Msiseme visiwa vya ziwa hili vyote ni graniti. Huku Kenya, Rusinga na Mfangano ni mabaki ya volkano ya kale inaitwa Kisingiri, ya miaka kama milioni 18 hadi 20. Majivu yake ndiyo yalihifadhi mifupa. Mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, jamii ya sokwe wa kale, hapo Rusinga mwaka 1948. Kwa hivyo huyo guide wenu labda alisomea Homa Bay.

#8 Ntuzu Asilia
#7 karibu jirani. Na Migingo, kile kisiwa mnachogombania na Uganda, nayo ni volkano au ni ya Uganda?

#9 Nyakwar Mfangano
Sitajibu hilo bila wakili.

#10 Waitu wa Muleba
Na magharibi je? Mnazungumza kana kwamba ziwa linaishia Kome. Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, ni visiwa vya Muleba, na ukija upande wa Bukoba kuna Musira. Huku jiwe ni la mchanga, limepangika matabaka, na kingo zake ni majabali yaliyosimama wima kama ilivyo pwani ya Bukoba yenyewe. Halina mviringo wala kupandana kama la Mwanza. Angalieni pia jinsi visiwa vyetu vilivyojipanga kufuata pwani, kaskazini kwenda kusini. Mtu akisema "asili ya visiwa vya Ziwa Victoria" kwa umoja, muulizeni anataka kipi.

Na historia mnairuka. Bumbire ndiko mpelelezi Stanley aligombana na wenyeji Aprili 1875, akarudi Agosti na bunduki kulipiza. Babu zetu walikuwa na mishale na mawe.

#11 Nyundo na Dira
#10 sahihi kabisa. Hayo ni mashapo, machanga kuliko matale ya Mwanza ingawa nayo ni ya kale sana. Ziwa moja, basi una graniti kusini, jiwe la mchanga magharibi, volkano mashariki kwa kina Nyakwar. Maji yamefunika vyote bila kuuliza ukoo.

#12 Omukerewe wa Bukindo
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimezaliwa karibu na ikulu ya Bukindo. Masimulizi yetu hayasemi tulikuja kwa miguu kutoka Bunda. Ukoo wa watawala, Wasilanga, walikuja na Katobaha kutoka Ihangiro, huko huko Muleba kwa #10, kwa mitumbwi wakipitia visiwa. Kikerewe chetu kinaelekea Kizinza na Kihaya. Sasa vuka uende Ukara, ni pua na mdomo na Ukerewe: Kikara kiko kundi moja na Kijita na Kikwaya, watu wa mashariki. Visiwa viwili jiwe moja, lakini wenyewe walitokea pande mbili za ziwa. Ingekuwa watu walitembea nchi kavu kutoka Bunda, ningetegemea sisi wa Ukerewe ndio tuwe na lugha ya mashariki, maana ndio tuko karibu na bara.

#13 Mchanga wa Igombe
#12 asante. Lakini Wasilanga waliwakuta watu kisiwani, au hapakuwa na mtu? Babu yangu hakuwa wa ukoo wa watawala. Labda yeye anasimulia ya waliokutwa.

#14 Omukerewe wa Bukindo
Waliwakuta. Hilo hakuna anayelikataa. Wametoka wapi, kila ukoo una lake, na ukiwauliza wazee wawili andaa majibu matatu.

#15 Kapteni Mstaafu
Vijana mnakimbilia miaka bilioni, jibu liko Rugezi, kwenye mlango wa maji kati ya Ukerewe na bara. Vitabu vya Waingereza vya kabla ya Vita ya Kwanza vinaieleza Ukerewe kuwa ni *karibu* rasi: ukanda wa nchi unaotaka kushika bara, umekatwa na vijifereji viwili vyembamba. Stanley naye alikuta mlango mwembamba hapo. Nenda leo ukapande pantoni ya Kisorya kwenda Rugezi uone maji yaliyopo.

Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 ziwa lilipanda kama mita mbili na nusu kwa mvua zile kubwa. Nilikuwa mtoto, baba alihamisha nyumba na mwalo wote ukahama. Pwani zetu ni tambarare, mita mbili za kwenda juu ni mamia ya mita za kuingia ndani. Kwa hiyo babu wa Murutunguru hakuhitaji miaka 400,000. Alihitaji kuzaliwa kabla ya 1961 na kuwa na ng'ombe asiyeogopa maji ya magotini.

#16 Ntuzu Asilia
Kapteni amefunga mjadala. Tuhamie Simba na Yanga.

#17 Kigoto Hapa Hapa
Haujafungwa. Kupanda kule kulisababishwa na bwawa la Owen Falls, Jinja, pale Mto Naili unapotoka ziwani. Walilifungua 1954, wakaziba maji. Mvua ni kisingizio cha Waganda.

#18 Mwalimu wa Zamu
#17 bwawa la 1954, ziwa likasubiri miaka saba ndipo likumbuke kupanda? Mvua za 1961 ziliinua maziwa mengine pia Afrika Mashariki ambayo hayana habari na Jinja. Isitoshe bwawa liliendeshwa kwa makubaliano ya kuachia maji sawasawa na ambavyo mto ungeachia wenyewe. Hoja yako ingefaa kwa 2005 na 2006, ziwa liliposhuka sana. Hapo ukame ulikuwepo, na pia mitambo ya Jinja ilikuwa inaachia maji kuliko mpango.

#19 Kigoto Hapa Hapa
Basi umekubali Jinja imo.

#20 Mwalimu wa Zamu
Kwa kushusha, si kwa kupandisha. Soma tena.

#21 Msomi wa Furu
Naongeza utata. Ziwa hili lilikauka. Watafiti walichoma mabomba kwenye tope la chini, hata sehemu yenye kina kirefu, wakakuta chini ya tope tabaka la udongo uliowahi kukaa juani. Matokeo yalitoka 1996. Maji yalirudi kama miaka 15,000 iliyopita. Kabla ya hapo, ziwa likiwa kavu, hapakuwa na kisiwa chochote: Ukara, Goziba, Saanane, vyote vilima kwenye mbuga. Na binadamu walikuwepo tayari Afrika Mashariki, tena wengi. Kwa hiyo "watu walichunga mpaka ng'ambo" inaweza kuwa kweli ya kale mno, ukiondoa ng'ombe, maana ng'ombe wa kufugwa walifika baadaye sana.

Waliopinga ni wataalamu wa samaki. Ziwa lina aina za furu zinazokadiriwa 500. Zitokee zote ndani ya miaka 15,000? Wengine wakasema haliwezi kuwa lilikauka lote, lazima madimbwi yalibaki. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2017 ukaleta jibu la kati: furu hawa wanatokana na koo mbili za samaki wa mito, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Naili, zilizochanganyika zamani. Mchanganyiko ule ulikuwa na utajiri wa vinasaba tayari, ukagawanyika haraka. Wapo ambao bado hawajaridhika.

#22 Dada wa Kirumba
Na sangara akaja akawala wote.

#23 Msomi wa Furu
Si wote, ila wengi. Aliingizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufika miaka ya 1980 alikuwa kila mahali. Ndiye aliyejaza watu visiwani pia. Kisiwa kisicho na kisima wala shule, kina kambi, jenereta, baa na mizani ya samaki.

#24 Nyakwar Mfangano
Kwetu tunamwita mbuta. Na dagaa ni omena. Ile yenu ya Mwanza ina mchanga.

#25 Kigoto Hapa Hapa
Ina mchanga kwa sababu mnanunua ya kuanikwa chini. Ongeza hela upate ya kwenye chanja.

#26 Mtoto wa Bwisya
Naomba turudi Ukara, hakuna aliyetaja jiwe linalocheza. Ni jiwe kubwa la matale limekaa juu ya jingine. Likisukumwa, linayumba, unaliona kwa macho, halianguki. Kwetu halisukumwi ovyo. Lina wenyewe, kuna ukoo unaoliangalia, na kuna maneno ya kusema kwanza. Nimelishuhudia likikataa kwa vijana wa mjini waliokwenda na kelele zao na spika. Walipoondoka, mzee akaweka mkono, likaitika. Nyundo na Dira, tuambie nyufa zinazokatana zinajuaje heshima.

#27 Nyundo na Dira
Heshima sijui, ila uzito najua. Jiwe la namna hiyo limekaa kwenye sehemu ndogo, na uzito wake uko sawasawa juu yake. Kulitikisa kunategemea unasukuma wapi na kwa mwendo gani: ukipata mdundo wake, mkono mmoja unatosha, wakisukuma watu sita kila mmoja kwa wakati wake wanafutana nguvu. Mzee anajua pa kuweka mkono. Amefundishwa.

#28 Mtoto wa Bwisya
Na kufundishwa huko ndiko tunakoita wenyewe. Hujanipinga.

#29 Omukerewe wa Bukindo
😂 Wakara hamshindwi. Ila tuwape haki yao. Wanajiografia wa enzi za Mwingereza walikuwa wanakwenda Ukara kushangaa kilimo. Udongo wa matale ni mchanga mtupu, hauna nguvu, na watu wamebanana. Wakara wakafuga ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakiwakatia majani na kuwaletea, kisha samadi yote shambani kwa kichwa. Wakapanda marejea katikati ya uwele ili kurutubisha ardhi. Wakachimba mashimo kando ya ziwa kuotesha majani ya mifugo. Kila mti una mwenyewe, hata ulioota katikati ya mawe. Leo wataalamu wanatuletea semina za "kilimo hifadhi" na bahasha ya nauli.

#30 Ntuzu Asilia
Nyie wa Ukerewe mnawasifu Wakara leo, lakini historia yenu ni ubabe wa boti. Mwaka 1877 mliwaua wamisionari Smith na O'Neill.

#31 Omukerewe wa Bukindo
Weka yote mezani. Mtemi Lukonge ndiye aliyempa Stanley mitumbwi mwaka 1875 ya kuvushia watu wake, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuchukia wageni. Ugomvi wa Desemba 1877 ulikuwa kati yake na Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani. Songoro akawakimbilia wamisionari, nao wakaingia katikati. Wakafa pamoja naye. Kama ilikuwa haki au la, sisi wajukuu bado tunabishana msibani, sikuletei hukumu hapa.

#32 Waitu wa Muleba
Stanley kote alikopita aliacha kesi.

#33 Dada wa Kirumba
Na lile jiwe la Bismarck pale mjini, ni kweli Wajerumani waliweka sanamu juu, Waingereza wakaisukumia ziwani? Mjomba anasema ipo chini mpaka leo.

#34 Kapteni Mstaafu
Nimesikia hilo toka shule ya msingi. Nimesikia pia sanamu ni ya shaba, ni ya saruji, na haikuwepo kabisa. Wazamiaji wapo Mwanza, maji yale si ya kina. Mjomba achangishe.

#35 Mchanga wa Igombe
Saanane nayo? Kijana alisema ilikuwa gereza.

#36 Mwalimu wa Zamu
Gereza la simba labda. Ilifanywa bustani ya wanyama 1964, ya kwanza nchini. Kabla ya hapo Mzee Saanane Chawandi alikuwa akilima na kuvua hapo, jina ni lake. Ikawa hifadhi ya taifa 2013, kilomita za mraba 2.18 tu ukijumlisha na maji na vijisiwa vya Chankende. Sokwe waulize kisiwa cha Rubondo, huko mhifadhi Mjerumani Grzimek aliwapeleka waliotoka kwenye bustani za Ulaya miaka ya 1960, na wameshakuwa wa porini.

#37 Fundi Boti Kisorya
Nachelewa kuingia, mtandao wa huku mnaujua. Kapteni #15 kasema kweli nusu. Ziwa liliposhuka 2006, huku Kisorya pwani ilirudi nyuma tukaona visiki majini, vinene, vimesimama na mizizi yake. Visiki, si magogo ya kuelea. Wazee wakasema ni miti iliyozama 1962. Wengine wakasema hapana, hata wao wakiwa watoto hapo palikuwa maji. Maji yalivyopanda tena 2020, vikafunikwa, na 2024 ndiyo kabisa.

#38 Nyundo na Dira
#37 hii ndiyo taarifa ya maana kuliko zote humu. Kama ni vya 1962, Kapteni yuko sawa. Kama palikuwa maji kabla ya hapo, basi kuna kipindi kingine ziwa lilishuka chini ya tunavyojua na miti ikapata muda wa kunenepa. Miti ya aina gani?

#39 Kapteni Mstaafu
Ni ya 1962. Hao "wengine" walikuwa watoto wadogo.

#40 Fundi Boti Kisorya
Kapteni shikamoo, lakini mmoja wao ni mkubwa kwako. Aina ya mti siwezi kuapa. Ulikuwa mweusi, mgumu, msumeno ulilalamika. Tulikata vipande viwili vitatu.

#41 Msomi wa Furu
Mlikata?! Viko wapi? Kipande cha kiganja tu kinatosha kupimwa umri.

#42 Fundi Boti Kisorya
Kimoja kilichomwa, palikuwa na msiba. Kingine shemeji yangu alikifanya kigoda, anakikalia hadi leo akishona nyavu.

#43 Nyundo na Dira
Mwambie akae kwenye ndoo. Nakuja Jumamosi na pantoni ya kwanza.

#44 Ntuzu Asilia
Shemeji ataomba kiti cha plastiki, tena chenye mikono. Andaa hela.